Vyungu vya Kilima cha Depo

Mume wangu anaendesha katapila. Ni kazi nzuri hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kwa sababu katapila ni chache, na watu wanaojua kuirudisha nyuma bila kuua mbuzi ni wachache zaidi. Mimi nina malewa, kibanda cha chakula, kando ya barabara inayotoka mjini kwenda Fizi. Napika bugali, sombe ya majani ya muhogo, na ndagala, dagaa wa ziwani, na siku za soko naongeza maharagwe. Yeye anavunja, mimi nalisha wanaovunja, na tumeishi hivyo kwa amani tangu tulipooana.

Mwaka mmoja patroni mmoja wa mjini, mwenye maduka na boti za mizigo, alinunua kilima kidogo karibu na malewa yangu. Alitaka kukisawazisha ajenge depo, ghala la simenti. Kila mtu aliona ni wazo zuri. Kilima chenyewe hakikuwa na kazi: majani, mihogo iliyosahauliwa, na mbuzi wa jirani. Mume wangu akapewa kazi ya kukisawazisha, nami nikapata wateja.

Kabla wiki haijaisha, alikuja kula mchana akanawa mikono, akakaa, akaitazama sahani bila kuigusa.

“Leo nilivunja byungu ya bantu,” alisema.

“Ya nani?”

“Sijue. Bilikuwa mu udongo.”

“Vingapi?”

Alifikiri kidogo. “Byote.”

Akatoa kipande kimoja kwenye mfuko wa shati, akakiweka mezani kati ya chumvi na pilipili. Kilikuwa kigae kinene, rangi ya udongo uliochomwa, na ukingoni kilichorwa mistari iliyopishana kama jamvi. Jirani yangu anayeuza mkaa alisema kitafaa kuwekea kuku maji. Nami ningekubali, kama nisingekuwa nimesoma.

Nilisoma historia na jiografia kwa muda kwenye chuo cha walimu, kabla mtoto wetu wa kwanza hajanirudisha nyumbani. Ninachokikumbuka zaidi kutoka chuoni ni njaa. Lakini nakumbuka pia mwalimu mmoja aliyetupitishia karatasi yenye picha ya vyungu vya watu wa kale, waliofua chuma kandokando ya maziwa yetu. Karatasi ilikuwa kopi ya kopi, nyeusi kama sufuria. Tuliambiwa tuitazame mistari. Hatukuona mistari yoyote, tukaandika kwenye mtihani kwamba tumeiona. Sasa mistari ilikuwa mezani kwangu, na ilikuwa kama tulivyoandika.

Nilimfuata mume wangu kilimani. Katapila ilikuwa imekata ubavu wa kilima upande wa ziwa, na kwenye ukuta ule wa udongo mwekundu vigae vilichungulia kama meno. Vingine vilikuwa vimesagwa kwenye njia ya minyororo. Nikaokota kitako cha chungu. Chini yake kilikuwa na kishimo kidogo, kana kwamba mtu alibonyeza kwa kidole gumba udongo ukiwa bado laini. Niliweka kidole changu pale, kikaenea. Mume wangu alizima injini, jambo ambalo halifanyi hovyo, kwa sababu kuiwasha tena ni kazi.

Tulienda kwa mkubwa wa utamaduni, ofisa wa serikali. Wengi hapa hawajui kwamba tunaye. Ofisi yake ni meza moja katika chumba anachochangia na mwenzake wa uvuvi, na mwenzake wa uvuvi ndiye mwenye wageni. Watu wanamwita shefu. Kazi yake kwa miaka yote ilikuwa kuwapa wanamuziki kibali cha kupiga kelele, na kufungua mashindano ya kwaya. Alikishika kile kigae kwa mikono miwili. Akakigeuza. Akainuka, akaenda kufunga mlango, akarudi.

“Madamu,” alisema, “hii kitu niliingojea tangu nianze kazi.”

“Ulijua kipo?”

“Hapana. Niliingojea tu.”

Alikuwa na rafiki aliyesoma naye zamani, ambaye sasa ni profesa Lubumbashi, anafundisha mambo ya vitu vya kale. Tukapiga picha za vigae kwa simu yangu, tukazituma kwa Wasapu, tukasubiri mtandao. Jibu lilikuja jioni, ujumbe wa sauti. Profesa alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi. Alisema ni vya zamani sana, kabla ya mtu yeyote ambaye ukoo wowote unamkumbuka. Alisema tuandike kila kipande kimetoka wapi, upande gani, kina gani. Mwisho akasema mara mbili: “Musioshe. Tafazali, musioshe.”

Shefu alikuwa ameshaosha ndoo nzima. Aliniomba nisimjibu profesa mpaka kesho.

Ilibaki patroni. Shefu alivaa koti, mimi nikavaa kitenge cha kanisani, tukaenda dukani kwake kumwomba asimamishe kazi. Patroni alitusikiliza vizuri, akatuletea viti. Tulipomaliza alisema, “Miye nilinunua mulima. Sikununua historia.”

Shefu akamweleza kwamba sheria inasema vitu vya kale ni vya taifa.

“Basi taifa ikuje iwachukue,” alisema patroni. “Lakini ikuje mbio.”

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasubiri lori lenye nondo na simenti kutoka Uvira, na lori hilo lilikuwa limekwama njiani, kwenye matope, mbele kidogo ya Makobola. Alitukubalia tuchimbe upande wa ziwa mpaka lori lifike. Katapila ingeendelea upande wa pili.

Sijawahi kuona watu wakitamani barabara iendelee kuharibika kama sisi. Kila asubuhi dereva wa lori alimpigia simu patroni, patroni akamwambia mume wangu, mume wangu akaniambia mimi. Limetoka kwenye tope moja. Limeingia lingine. Shefu ni mzee wa kanisa, na ibada zake za asubuhi zina sehemu ya kuwaombea wasafiri. Aliniambia kwamba sasa akifika hapo anawaombea wa boti tu.

Tulichimba kwa vifaa tulivyokuwa navyo. Miiko ya fundi, majembe tuliyokata mipini, na vijiko vyangu vya malewa, ambavyo wateja walivitafuta wakati wa kula. Udongo wa juu uliondolewa na mume wangu kwa katapila, baada ya kazi ya patroni kumalizika. Alijifunza kuushusha ule ubapa wa mbele taratibu mpaka akawa anachuna udongo kama mtu anayechuna utando wa maziwa. Wenzake walikuja kumtazama wakacheka. Hakuwajibu. Aliposhuka nilimwona anafuta jasho kama aliyebeba mtu.

Vigae tulivitia kwenye mifuko ya unga, na juu ya kila mfuko shefu aliandika mahali vilipotoka. Kulikuwa pia na mawe yenye masizi, na takataka nzito nyeusi ambazo profesa, kwa sauti yake ya kuhema, alisema ni mabaki ya kufua chuma. Mifuko ilijaa kwenye ofisi ya shefu mpaka mwenzake wa uvuvi akalalamika kwamba wavuvi hawana pa kusimama. Iliyobaki ikaja malewani.

Watu walikuwa na maoni. Wengine walisema tumefukua mizimu. Mchungaji mmoja alikuja kuombea mifuko, akaila sombe yangu, akasema haoni shida. Wengine walisema ni dhahabu, na habari hiyo ilifika Lulimba, kwenye machimbo, haraka kuliko lori lilivyoweza kufika Baraka. Wakaja vijana wachimbaji na karai zao na chekeche nzuri ya waya. Walikagua kilima siku nzima.

“Kumbe ni byungu?” mmoja aliniuliza.

“Ndiyo.”

“Byenye kuvunjika?”

“Ndiyo.”

Akamgeukia mume wangu kumuuliza sababu. “Na mukichimba, juu ya nini?”

Mume wangu alifikiri. “Juu bilivunjika.”

Waliondoka wamekasirika kwa adabu. Chekeche walituachia.

Mimi mwenyewe sikujua jibu zuri zaidi. Nilikulia kwenye kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa upande wa Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu kinachekwa huku na wateja wananiita Mama Tanzania. Tuliporudi kwa boti nilikuwa msichana mkubwa, nikaambiwa hapa ndipo kwetu, nikaamini kwa sababu nilikuwa nimechoka. Kilima kile nimekipita kila siku nikienda kuchota maji. Kwamba mtu alikaa pale zamani zile, akabonyeza udongo kwa kidole chenye ukubwa wa changu, lilikuwa jambo ambalo sikuwa na pa kuliweka. Nikawa nalichimba tu.

Kisha tukapata chungu kizima.

Mume wangu ndiye aliyekipata, kwa mkono, pembeni mwa mkato, mahali ambapo hatukutegemea kitu. Kilikuwa chungu kikubwa cha maji, cheusi, hakina mistari. Kimefunikwa na beseni la bati lililoliwa na kutu. Shefu alifika mbio mpaka koti likabaki njiani. Tulipiga magoti wote watatu. Shefu akasema sala fupi, akainua beseni.

Ndani kulikuwa na sahani za bati zenye maua, zimepangwa moja juu ya nyingine na majani makavu kati yake, ambayo yaligeuka vumbi tulipoyagusa. Kulikuwa na pasi ya makaa. Kulikuwa na kufuli la mlango na ufunguo wake ndani. Na juu ya vyote kulikuwa na tai ya mwanaume, imeviringishwa vizuri kama bandeji. Ilikuwa ya nailoni, kwa hiyo haikuoza. Nyekundu, na vijimistari vya bluu.

Shefu aliishika ile tai kwa muda mrefu.

“Hii haiko ya watu wa kale,” alisema mwisho.

“Hapana, shefu.”

Tulipiga picha, tukatuma. Profesa alijibu bila kuhema safari hii. Alisema, “Hiyo si yangu. Mutafute mwenye vitu.”

Hakuna aliyehitaji kueleza. Wakati wa kukimbia vita, watu hawakuweza kubeba vyote. Ulichimba shimo nyuma ya nyumba, ukaweka vile ambavyo ungevihitaji siku ya kurudi, ukafukia, ukapandikiza kitu juu au ukaburuta majani. Ulidhani ni wiki mbili. Waliokimbia wakiwa watoto walirudi na ndevu.

Shefu alitoa tangazo makanisani na msikitini, na kwenye redio ya hapa. Alikuwa mjanja: hakusema kimepatikana nini wala kilima gani. Alisema tu kwamba upande wa barabara ya Fizi kumepatikana vitu vya mtu aliyevificha wakati wa kukimbia, na mwenye kuvidai aje malewani aseme alificha nini.

Nilidhani tungepata waongo. Nilijiandaa kwa waongo. Nilikuwa na maswali ya kuwategea. Lakini kesho yake asubuhi walikuja watu wa kweli. Walijipanga nje ya malewa, wengi wao wazee, na kila mmoja alieleza alichofukia kama mtu anayemweleza daktari panapouma.

Mama mmoja alifukia cherehani, kichwa chake tu, amekipaka mawese. Baba mmoja, mwislamu wa kule ufukweni, alifukia vitabu vya baba yake ndani ya debe. Mwingine alifukia mabati ya nyumba mpya ambayo hakuwahi kuyapiga misumari. Mwingine gunia la chumvi. “Chumvi ilikuwa imepanda bei,” alieleza, kwa aibu kidogo. Mmoja alitoka Lubondja kwa miguu. Alikuwa amefukia milango miwili. Mmoja alitoka Makobola kwa pikipiki, mbali kabisa na upande wetu, na yeye alifukia baiskeli.

Shefu akamweleza kwa upole kwamba chungu hakiwezi kuingia baiskeli.

“Naijua,” alisema yule baba. “Nilitaka kujua tu kama mutaendelea kuchimba mpaka kwetu.”

Nilimpa yule baba bugali, akala, akashukuru, akarudi Makobola. Alipofika kwenye daraja la kwanza aliona lori la patroni likiwa limekwama, akampigia shefu kutuarifu. Alijua tunapenda habari hizo.

Jioni nilimpigia mama yangu, ambaye siku hizi anakaa kwa kaka yangu Fizi.

“Mama, wakati wa kukimbia, sisi tulifukia nini?”

“Hatukufukia kintu.”

“Kabisa?”

“Hatukuwa na kintu,” alisema. “Tulikuwa na weye.”

Halafu akauliza kama nimepata ile dawa yake ya miguu.

Mwenye vitu alikuja siku iliyofuata, watu walipokwisha. Ni mama anayeuza ndagala sokoni. Nilikuwa nanunua kwake kwa miaka. Aliweka beseni lake la ndagala chini, akakaa kwenye benchi bila kuambiwa, akavuta pumzi. Hakueleza chochote. Aliuliza tu, “Ile pasi, makaa iko ndani bado?”

Nilikuwa sijaifungua. Nikaenda kuileta, nikalegeza kishikizo mbele yake. Makaa yalikuwemo, meusi, makavu, hayajaisha kuungua.

“Nilikuwa nayipasia shati ya bwana yangu, shemizi yake,” alisema. “Jumapili. Ye alikuwa naongoza kwaya. Tulipokimbia, shemizi alivaa vile vile na mikunjo. Tai nikamunyanganya, nikamuambia utavaa tukirudi.”

Mume wake alifia kambini, ng'ambo. Alilisema hilo kama anavyosema bei. Nilimwekea tai mapajani. Aliifungua yote, akaitazama kwenye mwanga kutafuta tundu, akaiviringisha tena kama ilivyokuwa. Kisha akaanza kuhesabu sahani, akasema moja haipo, nami nikamwapia kwamba sisi hatukuichukua, na yeye akasema anajua, ilivunjika siku ya arusi. Hapo ndipo alipolia. Jirani wa mkaa alikuja kusimama nasi. Chakula kiliungua na wateja walikila hivyo hivyo.

Nilimuuliza kwa nini hakuja kuvitafuta mwenyewe, maana kilima kiko pale pale.

“Nilikuja,” alisema. “Nyumba ilianguka, minazi bakakata, majani ikaota. Nikachimba hapa, hakuna. Nikachimba pale, hakuna. Bantu bakaniuliza natafuta dhahabu. Nikaacha.”

“Na hivi vigae?”

Alivitazama kwenye mifuko. “Ile? Bilikuwaka mu kiwanja. Nilikuwa nafagia kila siku. Moja nilikuwa nasugulia miguu.”

Siku hiyo hiyo lori lilifika.

Lilifika na nondo zimepinda na simenti robo imeganda, lakini lilifika. Patroni alikuja kilimani na mafundi wake, akamwambia mume wangu kesho asubuhi upande wa ziwa uondolewe wote. Shefu alijaribu kumwonyesha jinsi kazi ilivyobaki: shimo la kufulia chuma lilikuwa limeanza tu kuonekana, duara la udongo mweusi. Patroni alisema ameona. Alisema ni zuri. Alisema kesho.

Asubuhi ile mume wangu alipofika na katapila, yule mama wa ndagala alikuwa amekaa kilimani. Alikuwa amekuja na kiti chake cha plastiki na mwavuli, akakiweka pale lilipokuwa jiko lake, na beseni lake la ndagala miguuni. Mume wangu alizima injini.

Patroni alifika. Alimtazama kwa mbali. Akaja kwa mume wangu.

“Ule mama anatafuta nini?”

“Amekaa tu, patroni.”

“Ni nani?”

“Ni mwenye nyumba.”

Mume wangu anaapa mpaka leo kwamba hakuwa na nia yoyote. Aliulizwa ni nani, akajibu. Lakini kila mtu hapa anajua maneno hayo yanaweza kuleta nini, kwa sababu nusu ya kesi za huku ni za watu waliorudi wakakuta mwingine amenunua. Patroni alibadilika uso. Alikwenda kumsalimia yule mama kwa heshima nyingi. Yule mama akamwitikia. Patroni akamuuliza kama ana shida yoyote. Akasema hana. Akamuuliza kama kuna jambo ambalo angependa lizungumzwe. Akasema hapana, amekaa tu.

Patroni alisimamisha kazi upande ule. Mchana alimtumia soda. Kesho yake yule mama akarudi, na keshokutwa pia. Wateja wake wa ndagala walimfuata kilimani, na mimi nikapata wateja wengine kwa sababu yao. Patroni aliuliza huku na huku, akapekua karatasi zake za ununuzi, akaongea na wazee wa mtaa, na kila asubuhi alikuja kuona kama kiti bado kipo. Kilikuwepo. Nyuma yake, sisi na vijiko vyetu, tulimaliza lile shimo lote, mpaka chini, mpaka udongo safi. Lilikuwa na majivu, na mabomba ya udongo ya kupulizia moto, na kigae kimoja kikubwa kimelazwa chini kabisa kwa makusudi, uso juu. Shefu alikichora kwa kalamu ya penseli akiwa amelala kifudifudi. Hakukiosha.

Tulipomaliza, yule mama alikunja mwavuli.

“Mama,” nilimuuliza, “sasa kuhusu kiwanja utafanya nini?”

“Kiwanja gani?”

“Hiki.”

“Hii ilikuwa ya shemeji yangu, sisi alitukopesha tu. Aliuza muzuri. Pesa nilikula nami.” Akainua beseni lake. “Patroni ni mwenyewe kabisa.”

“Kwa nini hukumwambia?”

“Hakuniuliza.”

Katapila iliondoa upande wa ziwa kwa asubuhi moja. Mume wangu alifanya kazi hiyo, akaja kula, akala.

Profesa alikuja kiangazi, kwa boti kutoka Kalemie. Alishuka akiwa amejaa kichefuchefu, mtu mfupi mwenye kofia, mdogo kuliko sauti yake. Alitumia siku zake zote kwenye meza ya nyuma ya malewa yangu na chupa ya gundi, akitafuta kipande kinachoendana na kipande. Nilimkuta mara nyingi ameshika vigae viwili, ameviegemeza, hapumui. Alipopata vinavyoshikana alisema “Tiens,” kumbe ya Kifaransa, basi. Aliunganisha chungu kimoja, karibu kizima, chenye shingo fupi na mistari ya jamvi pande zote. Pembeni kilikuwa na tundu ambalo lazima katapila ndiyo iliyolitoboa. Mume wangu alikitazama akasema, “Ile ni mimi.” Profesa akasema ndiyo.

Yule mama wa ndagala alikuja kukiona. Profesa alimweleza kwamba nyumba yao ilikuwa juu ya nyumba za wale watu wa zamani, na jiko lake juu kabisa ya moto wao.

“Habakutusumbua hata siku moja,” alisema.

“Hapana, mama.”

“Na balienda wapi?”

“Hatujui.”

“Nabo balikimbia?”

“Hatujui, mama. Inawezekana walihama tu.”

Aligusa ukingo wa chungu kwa kidole. “Kama balikimbia, bingebaki tu,” alisema. “Byungu ni bizito.”

Profesa aliliandika neno hilo. Sijui aliliandika la nini. Aliondoka na mifuko michache, kwa sababu boti haikukubali zaidi, na alituahidi kurudi kwa mingine. Mingine iko kwa shefu. Mwenzake wa uvuvi amezoea, na wavuvi wakisubiri wanaikalia. Chungu kilichounganishwa kiko juu ya kabati, na shefu sasa ana wageni. Watoto wa shule wanaletwa kukiona, wanasimama mbele yake kwa utulivu, wanauliza kama kinauzwa.

Depo imesimama. Ni ndefu, ya bluu, na simenti yake si ghali kama ya mjini. Mwaka jana tuliinunua hapo, tukaamua kuijengea malewa ukuta wa kweli. Mume wangu alichimba msingi mwenyewe, kwa jembe, hakutaka mashini. Alichimba taratibu, akivunja kila bonge kwa mkono na kuchungulia. Kona zote nne zilikuwa na udongo tu. Nilimletea maji, akanywa, akasimama ndani ya shimo lake akilitazama.

“Hakuna kintu,” alisema.

“Ni vizuri. Tutajenga.”

“Ndiyo,” alisema, na akakaa kidogo ukingoni kabla hajaanza kumwaga simenti.